Pumzi inapokata na vipimo vinasema huna ugonjwa

Leo uniwie radhi, maana nitazungumza habari za kifua kabla ya kufika kwenye andiko, na kifua chenyewe ni changu.

Ilikuwa ibada ya pili. Nilisimama mbele kusoma matangazo, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka mingi bila hata kuifikiria. Nilikuwa nimefika kwenye michango ya ukarabati wa paa pale nilipohisi kifua kinabana, kama mtu amekizungushia kamba na anaivuta. Nikavuta pumzi, haikutosha. Nikavuta nyingine, ikaishia kooni. Vidole vikaanza kufa ganzi, midomo ikawa kama si yangu, moyo ukapiga hadi nikausikia masikioni. Nikamkabidhi katibu wa usharika ile karatasi, nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikakaa chini ya mwarobaini. Nilikuwa na hakika moja tu: nakufa.

Nikakimbizwa hospitali kwa bajaji. Walinipima presha, wakanibandika nyaya kifuani kusoma umeme wa moyo, wakapiga picha ya kifua, wakachukua damu. Baada ya saa tatu akaja daktari kijana na karatasi mkononi, anatabasamu. "Mzee, moyo wako mzima, mapafu mazima. Huna kitu. Ni wasiwasi tu, kapumzike."

Ungedhani nilishukuru. Nilishukuru kwa mdomo. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najiuliza: kama sina kitu, ni nini kile kilichonikaba roho mbele ya watu mia tatu? Siku nne baadaye kilirudi, usiku, nikiwa nimelala. Kikarudi tena kwenye daladala. Ndani ya miezi miwili nilikwenda hospitali tatu tofauti, na fedha niliyokuwa nimetenga kwa ajili ya ada ya mtoto ikaishia kwenye vipimo vilevile, vyenye majibu yaleyale.

Kama umewahi kupita hapo, unajua aibu yake. Ukivunjika mguu, watu watakuja na matunda na kukaa na wewe. Ukisema pumzi inakata na hospitali imesema huna ugonjwa, hata mkeo anaanza kukutazama kwa jicho la kuuliza. Nikaanza kukaa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Matangazo nikamwachia mwingine, nikisingizia koo. Na nikwambie jambo nililoligundua huko nyuma: si kila anayekaa mlangoni kanisani ni mtu aliyepoa kiroho. Baadhi yetu tulikuwa tunapima umbali wa kukimbilia nje.

Hilo neno "tu"

Nimekuwa na muda mrefu wa kufikiri juu ya maneno ya yule daktari kijana, na simlaumu. Alipima alichopaswa kupima, na alichosema kilikuwa kweli isipokuwa neno moja. Angesema "ni wasiwasi" akakaa dakika tano kunieleza, ningeondoka na kitu mkononi. Lile "tu" ndilo lililonirudisha nyumbani mikono mitupu.

Kwa sababu, msomaji wangu, kifua kinachobanwa na hofu kimebanwa kweli. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ukishtuka, tezi hizo humwaga kwenye damu kemikali iitwayo adrenalini. Moyo unakimbia, misuli inakaza, pumzi inaongezeka kasi, mwili mzima unajiandaa kukimbia au kupigana. Ukikutana na nyoka shambani, huo ndio wokovu wako. Taabu ni pale mwili unapofanya yote hayo nawe umekaa kwenye benchi la kanisa na hakuna nyoka.

Ukipumua harakaharaka ukiwa umekaa, unatoa hewa ya kabonidioksaidi kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kichwani hujibana kidogo, na hapo ndipo kizunguzungu kinapotoka. Vidole na midomo hufa ganzi. Misuli iliyo kati ya mbavu, ikifanya kazi hivyo kwa muda, huchoka na kuuma kama miguu ya mtu aliyepanda mlima. Na kitendawili chenyewe ni hiki: unahisi hewa haitoshi, kumbe umeshavuta nyingi kupita kiasi. Unavuta zaidi, na hali inazidi. Mara nyingi wimbi hili hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe. Lakini ukiwa ndani yake, dakika kumi ni sawa na usiku mzima.

Wala si ugonjwa wa watu wa siku hizi wasiojua shida, kama wazee wengine wanavyodhani. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, daktari mmoja wa Philadelphia, Jacob Mendes Da Costa, aliandika mwaka 1871 habari za askari 300 aliowachunguza. Walilalamika moyo kwenda mbio, maumivu ya kifua, pumzi kukata na uchovu, na mara nyingi hakuona kwenye moyo kasoro ya kutosha kueleza mateso yao. Madaktari waliokuja baadaye waliihusisha hali hiyo na hofu na uchovu wa vita. Hao ni watu waliokuwa wamesimama mbele ya mizinga. Huwezi kuwaita waoga.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wakiishi na magonjwa ya wasiwasi, na kwamba ni takriban mmoja tu kati ya wanne wenye kuhitaji matibabu anayeyapata. Kwa hiyo kwenye ibada yako ya leo, hauko peke yako.

Nilipopelekwa kwenye maombi

Nilikwenda kuombewa. Ninaamini maombi, ningali naamini, na usisome makala hii ukadhani nakuambia uyaache. Lakini kikundi kimoja nilichoalikwa kiliniambia mambo mawili yaliyonivunja. La kwanza, kwamba hofu ni dhambi, kwa hiyo kuna mahali nimemficha Mungu kitu. La pili, kwamba nifunge siku tatu kavu na nikeshe, ili hicho kitu kitoke. Nilifunga. Nilikesha. Siku ya tatu, tumbo tupu, bila usingizi, nilipata shambulio kubwa kuliko yote. Wakasema hiyo ndiyo dalili kwamba kinatoka.

Tangu siku ile nimemsoma Hana kwa namna nyingine. Unaikumbuka habari yake katika 1 Samweli sura ya kwanza. Mwanamke anasali kwa uchungu hekaluni, midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli, ameketi kwenye kiti chake karibu na mwimo wa mlango, anamtazama na kuamua kwamba amelewa. Mtumishi wa Mungu, tena wa siku nyingi, mahali patakatifu, aliangalia dalili za mwili akatoa hukumu ambayo haikuwa ya kweli. Ninachompendea Eli ni kwamba Hana alipojieleza, alisikiliza. Hakung'ang'ania alichokwisha kusema. Alimwambia aende kwa amani, na yule mama akaenda akala chakula. Wachungaji wangu, wainjilisti, viongozi wa vikundi vya maombi: kosa la Eli tunaweza sote kulifanya. Masikio ya Eli ndiyo yanayotupungukia.

Na kuhusu kusema hofu ni dhambi, wengi huchukua Wafilipi 4:6, pale Paulo anapowaambia ndugu wasijisumbue kwa jambo lolote. Ni neno zuri na mimi nimelitegemea. Lakini Paulo huyohuyo, katika 2 Wakorintho 11:28, akihesabu mateso yake, mijeledi na kuvunjikiwa na meli, anamalizia na mzigo unaomwelemea kila siku kwa ajili ya makanisa yote. Tafsiri yetu ya zamani imeuita mzigo huo "maangalizi", neno la upole. Kwa Kiyunani ni neno la mzizi uleule wa lile la Wafilipi. Yaani Paulo alikuwa na kitu kilekile alichowaambia Wafilipi wasiwe nacho, na hakuona haya kukiandika kwenye barua ya kusomwa mbele ya kanisa zima. Katika sura ya 7 ya barua hiyohiyo anakiri kwamba alipofika Makedonia mwili wake haukupata nafuu, na ndani alikuwa na hofu. Kilichomfariji, anasema, ni kufika kwa Tito. Mtu alikuja.

Kwangu mimi mtu aliyekuja ni mama mmoja wa usharika wetu, muuguzi mstaafu. Alinikuta kwenye kile kiti cha nyuma baada ya ibada, akakaa. Hakuniuliza nina imani kiasi gani. Aliuliza, "Baba, hii hali ilianza lini? Na kabla yake kulitokea nini?"

Nikamwambia hakuna kilichotokea. Akanyamaza tu, ananisubiri. Basi nikamwambia kwamba miezi saba kabla nilikuwa nimemzika mdogo wangu. Alishika kifua usiku, akasema pumzi haitoshi, na hatukufika naye hospitali akiwa hai. Mimi ndiye niliyeshughulikia jeneza, gari, chakula cha waombolezaji, na kikao cha familia cha kugawana watoto. Wawili niko nao nyumbani. Katika yote hayo sikulia, kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama mimi.

Mama yule alisema, "Sasa unashangaa nini kifua kikilia chenyewe?"

Nililia pale pale, mzee mzima, huku watu wa usafi wanapanga viti.

Tuelewane hapa. Sikupona siku ile. Najua makala nyingi za aina hii huishia kwenye machozi na ushuhuda. Wiki ileile nilipata shambulio jingine. Kilichobadilika ni kwamba sasa nilijua ninachopambana nacho, na nilikuwa na mtu wa kumpigia simu. Yeye ndiye aliyenielekeza kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa. Nilikwenda nikiwa nimevaa kofia, nisitambulike, maana kichwani mwangu ukitaja afya ya akili nilikuwa naona Mirembe, kule Dodoma, na yale maneno ya mzaha tunayotupiana tangu utotoni. Nikakuta foleni ya watu kama mimi na wewe. Mmoja nilimfahamu. Tulisalimiana kama tumekutana sokoni.

Yanayonisaidia

Lugha yetu ilijua mambo haya kabla ya hospitali. Mtu mwenye hofu tunasema yuko roho juu. Hatari ikipita, tunasema ameshusha pumzi. Ameishusha, si ameivuta. Hiyo ndiyo siri niliyofundishwa kliniki. Kifua kikibana, hamu yako yote ni kuvuta hewa, lakini kinachotuliza mwili ni kuitoa polepole. Kaa, weka mkono mmoja tumboni, vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo liinuke na mabega yatulie, kisha toa kwa mdomo ukihesabu hadi sita, taratibu, kama unapuliza uji wa moto. Fanya hivyo kwa dakika tano, asubuhi na jioni, ukiwa mzima. Usisubiri siku ya taabu ndipo ujifunze. Mimi hutolea pumzi jina la Yesu, bila kelele. Zamani tuliambiwa tupumulie kwenye mfuko wa karatasi. Siku hizi wataalamu wengi hawashauri, kwa sababu kama kumbe ni pumu au moyo, mfuko ule unaweza kukudhuru.

Jambo gumu kuliko hilo ni kutokimbia. Nilipoacha daladala, hofu ya daladala ilikua. Nilipoacha kusoma matangazo, ikakua zaidi. Mshauri wangu alinirudisha kidogo kidogo: kwanza kituo kimoja, halafu viwili. Wimbi lilipokuja nililiacha lije, nikalitazama likipanda, na likishuka. Wapo wanaopewa pia dawa za kila siku, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu. Kama umeandikiwa, kuzimeza si kumkana Mungu. Timotheo alikuwa na maradhi ya mara kwa mara, na ushauri wa Paulo kwake katika 1 Timotheo 5:23 ulihusu kinywaji cha kusaidia tumbo. Ila usijiendee mwenyewe duka la dawa kununua vidonge vya kutuliza kama diazepamu. Vinatuliza upesi, na upesi uleule vinakufanya mtumwa.

Punguza kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kona, maana vinakimbiza moyo uliokwisha kukimbia. Lala. Kula. Naona kama nakuambia mambo madogo, lakini Eliya katika 1 Wafalme 19, alipolala chini ya mti nyikani akiomba afe, hakuletewa mahubiri kwanza. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula kilekile. Sauti ile ya utulivu ilikuja baadaye, Horebu, baada ya safari ya siku arobaini. Tukimpangia mtu wa namna hii mfungo mkavu na mkesha, tumeigeuza habari ya Eliya juu chini.

Na sasa neno ambalo sitaki ulipite haraka, hata kama mengine yote umeyasahau. Wasiwasi ni jibu la mwisho, baada ya daktari kukagua mengine. Pumzi kukata kunaweza kuletwa na moyo, pumu, kifua kikuu, upungufu wa damu, tezi ya shingo, au damu iliyoganda kwenye mapafu. Akina mama wengi hubeba upungufu wa damu wakiambiwa wana mawazo. Kama maumivu ya kifua yanasambaa kwenye mkono, taya au mgongo, kama unatokwa jasho la baridi, unazimia, unakohoa damu, midomo inakuwa ya bluu, mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi inakata unapotembea au ukilala chali, usikae kupuliza uji. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Na hata kama uliwahi kuambiwa ni wasiwasi, dalili zikibadilika rudi upimwe, usione haya. Mdogo wangu alikuwa anasema ni gesi tumboni.

Mimi bado inanijia. Mwezi uliopita ilinipata ndani ya basi, tumekaribia Chalinze, nimebanwa dirishani na mama mwenye kuku. Nilihesabu nne, nikahesabu sita. Yule mama akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia hapana, mama, nina hofu. Akasema "pole, baba," akanipa chungwa. Kabla hatujafika Mlandizi ilikuwa imeshuka.

Matangazo nimeanza kuyasoma tena, tangu Pasaka. Jumapili iliyopita, katikati ya orodha, nikamwona kijana mmoja wa kwaya anatoka na mkono kifuani, uso umebadilika rangi. Nikampa katibu karatasi, nikamfuata. Nilimkuta chini ya mwarobaini uleule. Nikakaa naye chini, sikumshika, sikumkemea mtu wala pepo. Ilipopita akaniuliza, "Mzee, ninakufa?"

"Sidhani, mwanangu," nikamwambia, "lakini mimi si daktari. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa kwenu, twende wote tukapimwe."

Akauliza kama lazima mchungaji ajue. Nikamwambia hilo tutalizungumza njiani.